Mwongozo wa Kubuni Mchezo wa Kufundishia Huduma za Afya

Mwaka 1960 Asmund Laerdal, mtengenezaji wa vitu vya kuchezea wa Norwei, alitoa mdoli wa ukubwa wa mtu mzima uliokusudiwa kufundishia watu namna ya kumpulizia pumzi mtu aliyeacha kupumua. Mdoli huo, uliopewa jina la Resusci Anne, umekwisha kutumiwa na vizazi vya wauguzi, madaktari na wahudumu wa dharura. Nautaja mapema kwa sababu wapo wanaoona kwamba mchezo na uhai wa mgonjwa havipaswi kutajwa pamoja, ilhali chombo kinachoheshimika kuliko vingi katika vyumba vya mafunzo kilitoka mikononi mwa mtu aliyejua kutengeneza midoli ya watoto.

Mwongozo huu unamhusu mtu au kikundi kinachotaka kubuni mchezo wa kidijitali wa kuwafundisha watoa huduma za afya, au wa kuwasaidia wagonjwa kujitunza. Ili maelezo yasielee hewani, nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: mchezo wa simu janja unaowafundisha wakunga na wauguzi jinsi ya kumhudumia mtoto mchanga asiyepumua katika dakika yake ya kwanza duniani. Takriban mtoto 1 kati ya 10 huhitaji msaada fulani ili aanze kupumua, na wengi wao hupona kwa kukaushwa na kusuguliwa mgongo tu. Wachache wanaobaki huhitaji kupewa hewa kwa mfuko na barakoa, yaani barakoa ya kufunika mdomo na pua iliyounganishwa na mfuko unaobinywa ili kusukuma hewa, kabla ya dakika moja kwisha. Ni jambo fupi, lina mpangilio unaojulikana na makosa yake yanajulikana pia, kwa hiyo linafaa sana kwa mchezo.

Hatua ya kwanza: tafuta kosa kabla ya kutafuta mchezo

Wabunifu wengi huanza na wazo la mchezo, kisha huzunguka wakitafuta somo la kulitia ndani yake. Anza upande wa pili. Nenda mahali huduma inapotolewa, kwa ruhusa, ukae pembeni na kutazama. Waulize wanaofanya kazi hiyo kila siku ni wapi mtu mwenye ujuzi, aliyefaulu mitihani yake, hukosea mambo yanapokuwa ya haraka. Waulize pia wale wanaofundisha, kwa maana mwalimu aliyesimamia mazoezi mara mia anayajua makosa yanayojirudia kuliko kitabu chochote.

Katika mfano wetu, kosa linalojirudia mara nyingi si kutojua kwamba mtoto asiyepumua anahitaji hewa. Kila mkunga analijua hilo. Kosa ni kuchelewa: mtoa huduma anaendelea kumsugua mtoto mgongo, kumfyonza ute mdomoni na puani tena na tena, huku sekunde zikipita. Kosa la pili ni kuendelea kubinya mfuko ilhali kifua hakiinuki, bila kusimama kurekebisha chochote.

Ukishalipata kosa, jiulize chanzo chake. Ikiwa mfuko na barakoa havipo chumbani, au vipo lakini vimefungiwa kabatini na aliye na ufunguo hayuko zamu, basi hakuna mchezo utakaosaidia, na ni uungwana kumwambia anayegharimia kazi hiyo kwamba fedha zake ziende kwingine. Mchezo hutibu upungufu wa maarifa, wa uamuzi na wa mazoea. Hautibu upungufu wa vifaa wala wa watumishi.

Kisha andika lengo kwa sentensi moja inayotaja tendo linaloweza kuonekana kwa macho. Sentensi ya aina ya “mchezaji ataelewa umuhimu wa kumpa mtoto hewa” haikufikishi popote, kwa kuwa kuelewa hakuonekani. Sentensi yetu iwe hivi: baada ya mafunzo, mkunga ataanza kumpa hewa mtoto asiyepumua kabla ya dakika moja kwisha, na kifua kisipoinuka atarekebisha barakoa na mkao wa kichwa kabla ya kuendelea kubinya. Mwaka 1990 George Miller alipanga umahiri wa mtaalamu wa tiba katika ngazi nne, yaani kujua, kujua jinsi ya kufanya, kuonyesha kwamba anaweza, na kufanya kweli kazini. Andika pembeni mwa lengo lako ni ngazi ipi unayoilenga, maana mchezo wa simu mara nyingi hufika vizuri kwenye ngazi ya pili, hugusa ya tatu, na huhitaji msaada wa mambo mengine kuifikia ya nne.

Hatua ya pili: kusanya watu wanaohitajika

Unahitaji mtaalamu wa huduma husika ambaye bado anafanya kazi hiyo, mtu anayejua kubuni michezo, mtayarishaji wa programu, mchoraji, na mtu anayejua kupima mafunzo. Mtu mmoja anaweza kubeba majukumu mawili. Muhimu ni kwamba walengwa wenyewe, yaani wakunga na wauguzi wa kawaida, wawemo tangu siku ya kwanza na wawe na kauli. Wasiitwe mwishoni kupiga makofi. Amueni mapema pia nani mwenye neno la mwisho mtaalamu wa tiba na mbunifu wa mchezo wanapotofautiana. Kwa maoni yangu, usahihi wa tiba ni wa mtaalamu, na kila kitu kingine ni cha mbunifu. Nimeona mtaalamu akisisitiza kila sentensi ya kitabu iingie kwenye skrini, na mchezo ukaishia kuwa kitabu chenye vitufe.

Hatua ya tatu: fanya uamuzi wa kazini kuwa tendo kuu la mchezo

Hapa ndipo michezo mingi ya mafunzo huanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kila mchezo una tendo linalorudiwa na mchezaji kuliko mengine yote: katika mmoja ni kuruka, katika mwingine kupanga, katika mwingine kulenga shabaha. Tendo hilo ndilo linalofundishwa, utake usitake, kwa sababu ndilo linalofanyiwa mazoezi. Sasa tazama mchezo ambao mchezaji anakimbia njiani akikusanya sarafu, na kila baada ya muda anasimamishwa aulizwe swali la chaguo nne kuhusu watoto wachanga. Mchezo huo unafundisha kukimbia na kukusanya sarafu. Swali ni ushuru anaoulipa ili arudi kwenye raha yake, na mchezaji mwerevu atajifunza kuulipa haraka bila kusoma.

Chukua lile kosa ulilolipata na uamuzi unaoliepusha, kisha fanya uamuzi huo uwe ndio mchezo. Katika mfano wetu, mtoto anazaliwa kwenye skrini na mchezaji anaona anachokiona mkunga: rangi ya ngozi, ulegevu wa viungo, kifua kinachotembea au kisichotembea, na anasikia kilio au ukimya. Anaweza kukausha, kumweka mama na mtoto ngozi kwa ngozi, kusugua mgongo, kusafisha njia ya hewa, kukata kitovu, kuweka barakoa, kunyoosha kichwa, kubinya mfuko, kusikiliza moyo, au kuita msaada. Hakuna swali linalojitokeza, wala hakuna sauti inayomwambia afanye nini. Kila tendo lina muda wake na saa haisimami.

Muda uwe wa kweli. Dakika moja ya mtoto iwe dakika moja ya mchezaji, kwa kuwa sehemu kubwa ya somo ni kuhisi jinsi sekunde 60 zilivyo chache unapozitumia nane kufyonza ute usiokuwepo. Swali la kama saa ionekane kwenye skrini lina jibu la hatua kwa hatua: ionyeshe katika visa vya mwanzo, kisha ifiche, kwa sababu chumba cha kujifungulia hakina tarakimu zinazoning'inia juu ya kichwa cha mtoto.

Fikiria pia idadi ya watoto wazima. Ikiwa kila mtoto katika mchezo wako hapumui bila kupewa hewa kwa mfuko, mchezaji atajifunza kushika mfuko kabla hajamtazama mtoto, na hilo ni kosa jipya ulilolitengeneza wewe. Kwa upande mwingine, ukifuata uwiano wa maisha halisi, mchezaji atawakausha watoto tisa wanaolia kabla ya kukutana na mmoja anayehitaji msaada, naye atalala. Njia ya kati ni kuwachanganya kwa karibu nusu kwa nusu, bila mpangilio unaotabirika, na kumweleza mchezaji waziwazi kwamba uwiano huo umeongezwa kwa ajili ya mazoezi. Badilisha na sababu ya hewa kutoingia: mara barakoa inavuja, mara kichwa kimekunjwa mbele, mara ute umeziba, mara mfuko unabinywa kwa woga. Kisa kinachofanana kila mara hukaririwa kama wimbo, na mchezaji hushinda bila kufikiri.

Kiri pia yale ambayo skrini haiwezi. Kuifungia barakoa juu ya uso mdogo isivuje ni kazi ya vidole, na hakuna kugusa kioo kunakoifundisha. Usijaribu kuidanganya kwa kumtaka mchezaji aburute picha ya barakoa kwa kidole, kisha umwambie kwamba sasa anaweza. Mwache mdoli ufundishe mkono, nao mchezo ufundishe jicho na uamuzi, na uliandike hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa mpango wako.

Hatua ya nne: panga alama kwa hofu

Alama ni amri. Mchezaji huzitii kuliko maneno yote uliyoyaandika kwenye utangulizi. Ukitoa alama kwa kasi tu, utafundisha kuruka hatua. Ukitoa alama kwa kila tendo lililofanywa, utafundisha kufanya kila kitu, na mtoto atafyonzwa ute bila sababu kwa kuwa kufyonza kunaleta alama tano. Ukikata alama kwa kila kuita msaada, kama michezo ya burudani inavyofanya mchezaji anapoomba dokezo, utakuwa umemfundisha mkunga kwamba kuomba msaada ni aibu, na hilo ni hatari kuliko kutokuwa na mchezo kabisa.

Njia salama ni kuzifunga alama kwenye hali ya mgonjwa. Mtoto aliyepata hewa mapema anaimarika haraka. Aliyecheleweshewa anaimarika polepole, au haimariki. Juu ya hapo ongeza mambo machache yasiyojionyesha kwenye matokeo lakini ni ya lazima, kama vile kuangalia kabla mtoto hajazaliwa kwamba mfuko na barakoa vipo na vinafanya kazi. Kisha fanya zoezi hili, ambalo huchukua saa moja na huokoa miezi: mpe mtu asiyejua lolote kuhusu tiba mfumo wako wa alama, umtake apate alama nyingi kadiri iwezekanavyo kwa hila yoyote. Kila hila atakayoigundua ni tabia ambayo mchezo wako ungeifundisha.

Orodha ya washindi itumike kwa uangalifu. Huwachochea walio juu na kuwaaibisha walio chini, na wanaohitaji mazoezi zaidi ndio hao walio chini. Kumlinganisha mchezaji na alama zake mwenyewe za wiki iliyopita hufanya kazi vizuri zaidi katika vikundi vya watu wanaofanya kazi pamoja, hasa pale ambapo msimamizi wa wodi anaweza kuiona orodha hiyo.

Hatua ya tano: amua jinsi mchezo utakavyomjibu mchezaji

Katikati ya dharura usifungue dirisha jekundu lenye neno “Kosa!”. Kazini hakuna dirisha la namna hiyo. Acha mwili wa mgonjwa ujibu: kifua hakiinuki, mapigo ya moyo yanapungua, rangi haibadiliki. Mchezaji ajifunze kuzisoma dalili hizo, kwa kuwa ndizo atakazokuwa nazo.

Maelezo yaje baada ya kisa kwisha, nayo yawe mahususi. Badala ya kumwambia kwamba amepata asilimia 70, mwonyeshe mstari wa muda wenye matendo yake: sekunde ya 10 alimkausha mtoto, sekunde ya 25 alimfyonza ute mara ya kwanza, ya 38 mara ya pili, ya 75 alianza kutoa hewa. Kisha mwulize, kabla hujamwambia, ni tendo gani angeliondoa. Wanaofundisha kwa uigaji, yaani kwa kuigiza visa vya kazini, wanajua kwamba mazungumzo ya baada ya zoezi hubeba sehemu kubwa ya somo, na mchezo unaokimbilia kisa kinachofuata bila kutoa nafasi hiyo umetupa nusu ya faida yake.

Je, mtoto afe? Swali hili litaulizwa, na timu itagawanyika. Maoni yangu ni kwamba mchezo wa watoa huduma usifiche matokeo mabaya, lakini usiyafanye tamasha. Hakuna muziki wa huzuni wala maandishi makubwa. Kisa kinasimama, mstari wa muda unafunguka, na mchezaji anapewa nafasi ya kurudia papo hapo. Katika visa vichache, mtoto afariki hata pale mchezaji alipofanya kila kitu sawasawa, na mchezo umwambie hivyo kwa maneno ya wazi, maana kazini hutokea na mtu asiyewahi kuambiwa atajibebesha lawama isiyo yake. Wakumbuke wachezaji waliokwisha kupitia tukio kama hilo kazini au nyumbani mwao: onyo lipewe mwanzoni, na kitufe cha kutoka kiwe karibu.

Michezo ya wagonjwa wenyewe ina hesabu nyingine. Mtoto anayejifunza kudhibiti pumu yake hapaswi kumtazama mhusika anayefanana naye akifa kwa sababu alisahau dawa.

Hatua ya sita: cheza kwa karatasi kwanza

Kabla ya kuandika msimbo wowote, jaribu mchezo kwa kadi na saa ya kawaida. Mtu mmoja ashike kadi za hali ya mtoto, mwingine aseme anachofanya, wa tatu ahesabu sekunde na kugeuza kadi kulingana na kanuni mlizoziandika. Mchezo usiovutia kwenye karatasi hautaokolewa na picha nzuri. Karatasi pia huonyesha mashimo katika kanuni za tiba: mtu atauliza mtoto anakuwaje akipewa hewa kwa sekunde 20 kisha akaachwa, na mtagundua kwamba hamkuwa mmeliandika jibu. Mtaalamu wa tiba ajibu hapo hapo, na jibu liandikwe kwenye jedwali la kanuni lenye tarehe na jina la mwongozo wa tiba lilikotoka. Jedwali hilo ndilo moyo wa kazi yote, na tutalirudia mwishoni.

Hatua ya saba: jaribu kwa watu wachache, mara nyingi

Jakob Nielsen, mtafiti wa matumizi ya kompyuta, alitoa hoja inayojulikana sana kwamba watu 5 wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo ya matumizi katika duru moja ya majaribio. Fedha za majaribio ni heri zigawanywe katika duru kadhaa za watu watano watano, huku mkirekebisha katikati, kuliko kuzimaliza kwa umati mmoja mwishoni. Mkalishe mchezaji, mpe simu, mwombe aseme kwa sauti anachofikiri, kisha unyamaze. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu. Mbunifu akimwona mtu anagusa pasipostahili, ulimi humwasha, naye akishasema tu jaribio limekufa.

Tofautisha aina mbili za kushindwa. Mchezaji akishindwa kwa sababu hakujua kwamba kitufe kile ni cha barakoa, kosa ni lenu. Akishindwa kwa sababu alichelewa kuichagua, hapo mchezo unafanya kazi yake. Mkizichanganya aina hizi mbili, mtarahisisha somo mahali palipopaswa kurahisishwa kitufe.

Hatua ya nane: vifaa, macho na masikio

Hapa maelezo ni mafupi. Jengeni kwa ajili ya simu ya bei nafuu ambayo walengwa wanayo tayari, na sio ile iliyo mfukoni mwa mtayarishaji wa programu. Mchezo uweze kupakuliwa mara moja na kuchezwa bila intaneti, ukituma matokeo mtandao unapopatikana. Kisa kimoja kisizidi dakika tano, kwa kuwa utachezwa kati ya kazi na kazi. Takriban mwanamume 1 kati ya 12 ana tatizo la kutofautisha rangi, kwa hiyo dalili inayotegemea wekundu au ubluu peke yake iambatane na dalili nyingine. Vivyo hivyo sauti: wodini wengi huzima sauti ya simu, hivyo ukimya wa mtoto uonekane pia kwa macho. Kofia za uhalisia pepe, zinazomfanya mvaaji ajione yuko ndani ya chumba kilichochorwa na kompyuta, zina nafasi yake, hasa katika kufundisha mpangilio wa chumba na kazi ya kikundi, lakini zisichaguliwe kwa sababu mfadhili alizipenda kwenye maonyesho.

Hatua ya tisa: faragha na sheria

Matokeo ya mchezaji ni taarifa za utendaji wake kazini. Amueni na mtangaze kabla ya kuanza nani atayaona. Mwajiri akiweza kuyaona, watu watacheza kwa woga, au watampa mwenzao hodari awachezee. Mchezo unaogusa taarifa za wagonjwa unahitaji ulinzi mkubwa zaidi, na njia bora ni kutozikusanya kabisa. Visa vyote vitungwe. Picha ya mgonjwa halisi isiingie bila idhini ya maandishi. Mkikusudia kufanya utafiti na kuchapisha matokeo, kamati ya maadili iombwe ridhaa kabla ya mchezaji wa kwanza kugusa skrini.

Jihadharini na neno “kutibu”. Mchezo unaodai kufundisha ni jambo moja, na mchezo unaodai kutibu ni jambo jingine mbele ya sheria. Mwezi Juni 2020 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha mchezo wa EndeavorRx kwa ajili ya watoto wa miaka 8 hadi 12 wenye tatizo la umakini, na ili kufika hapo mchezo huo ulipimwa kama kifaa tiba. Msiandike kwenye tangazo dai ambalo hamko tayari kulithibitisha kwa kiwango hicho.

Hatua ya kumi: uingize mchezo ndani ya mafunzo

Mchezo ulioachwa peke yake hupakuliwa, huchezwa siku mbili, husahauliwa. Uwekwe mahali maalumu katika ratiba: uchezwe kabla ya zoezi la mdoli, ili muda wa mwalimu utumike kwa mikono badala ya kukariri hatua, kisha urudiwe kwa vipindi vifupi baada ya mafunzo. Tangu Hermann Ebbinghaus alipochapisha majaribio yake ya kumbukumbu mwaka 1885, inajulikana kwamba mambo tuliyojifunza hupotea kwa kasi mwanzoni, na kwamba kuyarudia kwa kuachanisha muda huyashikiza zaidi kuliko kuyasoma yote kwa siku moja. Dharura ya mtoto asiyepumua haitokei kila siku, kwa hiyo ujuzi wake huchakaa bila mwenyewe kujua. Kisa kimoja cha dakika tatu kila wiki ni faida ambayo semina ya siku mbili haiwezi kuitoa.

Hatua ya kumi na moja: pima kilichokusudiwa

Donald Kirkpatrick alipanga tathmini ya mafunzo katika ngazi nne: washiriki waliyapenda kiasi gani, walijifunza nini, wanafanya nini tofauti kazini, na matokeo ya mwisho yamebadilikaje. Ripoti nyingi za michezo ya afya huishia ngazi ya kwanza, zikisema kwamba wengi wa wachezaji waliufurahia mchezo. Furaha ni jambo jema, lakini keki nayo hufurahisha.

Mfano mzuri wa kupima ni mchezo wa Re-Mission, uliotengenezwa na shirika la HopeLab la Marekani kwa ajili ya vijana wenye saratani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008 katika jarida la Pediatrics, vijana 375 kutoka vituo 34 vya Marekani, Kanada na Australia waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa mchezo huo pamoja na mchezo wa kawaida, wengine mchezo wa kawaida peke yake. Watafiti hawakuridhika kuwauliza kama wanameza dawa. Walitumia vifuniko vya chupa vinavyorekodi kila inapofunguliwa, na wakapima dawa katika damu. Waliopewa Re-Mission walizingatia dawa zao vizuri zaidi, na maarifa yao pamoja na kujiamini kwao viliongezeka, lakini katika majibu ya dodoso kuhusu umezaji wa dawa, msongo na ubora wa maisha hakukuwa na tofauti. Lau wangetegemea dodoso peke yake, wangehitimisha kwamba mchezo haukubadili umezaji wa dawa hata kidogo.

Linganisha na utafiti mwingine unaopendwa kutajwa, uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu madaktari 33 wa upasuaji wa kutumia kamera. Waliowahi kucheza michezo ya video kwa zaidi ya saa 3 kwa wiki walifanya makosa machache kwa asilimia 37 katika mazoezi na walikuwa na kasi zaidi kwa asilimia 27. Matokeo hayo yanavutia, ila hayathibitishi kwamba michezo ndiyo iliyowapa ustadi, kwa kuwa inawezekana wenye mikono myepesi ndio waliopenda michezo tangu mwanzo. Usiyatumie kumshawishi mfadhili.

Kwa mchezo wetu, kipimo cha chini kinachokubalika ni hiki: vikundi viwili vilivyogawanywa kwa bahati nasibu, kimoja kikicheza na kingine kikipata mafunzo ya kawaida kwa muda ule ule, kisha wote wapimwe kwa mdoli na mtu asiyejua nani alicheza. Kipimwe kile kilichoandikwa katika hatua ya kwanza, yaani sekunde hadi pumzi ya kwanza ya mfuko, na kinachofanywa kifua kisipoinuka. Kipimo kirudiwe baada ya miezi mitatu au sita. Msipime kwa mchezo wenyewe, maana kuucheza mchezo vizuri kunaweza kumaanisha tu kwamba mtu amezoea mchezo.

Hatua ya kumi na mbili: panga kusasisha, na panga kuuondoa

Miongozo ya tiba hubadilika. Mwaka 2010 American Heart Association, chama cha moyo cha Marekani kinachotoa miongozo ya huduma za dharura, iligeuza mpangilio wa kumfufua mtu mzima, ikaanza na kukandamiza kifua kabla ya kupuliza pumzi; mwaka 2015 kasi iliyopendekezwa iliwekwa mipaka ya mara 100 hadi 120 kwa dakika badala ya “angalau 100”. Mwaka huo huo wa 2015 mapendekezo ya kumwingizia mpira kooni na kumfyonza kila mtoto mlegevu aliyezaliwa katika maji yenye choo chake yaliachwa. Mchezo uliotengenezwa kabla ya hapo na kuachwa kwenye simu za watu uliendelea kufundisha ya zamani kwa ustadi uleule.

Kwa hiyo lile jedwali la kanuni litengwe na msimbo, ili mtaalamu wa tiba aweze kubadilisha muda au mpangilio bila kumsubiri mtayarishaji wa programu. Skrini ya kwanza ionyeshe tarehe ya mwongozo wa tiba unaofuatwa. Mtu mmoja, kwa jina na kwa malipo, apewe jukumu la kulipitia jedwali angalau mara moja kwa mwaka, na bajeti yake itengwe tangu mwanzo, kwa kuwa wafadhili hupenda uzinduzi kuliko ukarabati. Mwisho, wekeni ndani ya programu tarehe ya ukomo: jedwali lisipothibitishwa upya kufikia siku hiyo, visa vijifunge vyenyewe, na mchezaji asomeshwe ujumbe kwamba mafunzo haya yamepitwa na wakati na aelekezwe kwa msimamizi wake wa mafunzo.